Bandeji za Korongo

Mwezi uliopita, vijana, nilimwona mmoja wenu sokoni Kilindoni amevaa jezi ya buluu iliyopauka, kifuani ina picha ya ndege mwenye miguu mirefu. Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema kaichagua kwenye mtumba. Nikamuuliza kama anaijua timu yenyewe. Akainamisha kichwa, akaitazama, akasema, "Ya Marekani hii, mzee."

Nikaenda zangu kununua dagaa. Jezi ile si ya Marekani. Ni ya Korongo, timu ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam, na jezi zile nimezifua na kuzianika kwa mikono yangu. Kuna miaka Korongo akicheza watu walikaa mpaka kwenye ngazi za ukumbi, na asubuhi yake magazeti yakatuandika ukurasa wa nyuma. Leo hata picha ya yule ndege hakuna anayeijua.

Wiki iliyofuata mkaja kwangu Miburani. Mlimleta mwenzenu kwa bodaboda, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Mlikuwa mmesikia kwamba zamani nilikuwa nafunga wachezaji bandeji, mkataka nimfunge acheze jioni ile ile na timu ya walimu. Nikasema hachezi, akae wiki tatu. Mliondoka mmenuna, na nje ya ua nikamsikia mmoja akisema, "Mchoyo huyu mzee. Ujuzi wake atazikwa nao."

Basi nimekaa kuwaandikia. Sitaki mnisafishe jina, nataka mjue ni kitu gani mlichoniomba siku ile.

Kwanza mjue kwamba mimi si daktari. Jina la Dokta nilipewa na wachezaji kwa mzaha, likanikaa, nami nikalipenda kuliko ilivyofaa. Nimesoma hadi darasa la saba, tena la saba lenyewe nilimalizia kwa kusukumwa. Ukandaji nilijifunza kwa bibi yangu mzaa mama, hapa hapa Miburani. Wavuvi waliotenguka bega kwa kukokota juya, ule wavu mkubwa wa kuvutwa na watu wengi, waliletwa kwake. Yeye anakanda, mimi nashika chupa ya mafuta ya nazi na kutazama vidole vyake vinapita wapi.

Hifadhi ya bahari ilipoanza, sheria za nyavu zikabadilika na juya la baba likakosa kazi. Baba alilikunja akaliweka darini, akaingia shambani. Mimi nilikuwa kijana, shamba silitaki, nikapanda boti kwenda Dar kwa mjomba wangu Temeke. Mjomba akanitafutia kibarua cha kubeba magunia kwenye ghala moja karibu na reli.

Nyuma ya ghala lile ndiko Korongo alikozaliwa. Kulikuwa na kiwanja cha saruji, na karani wa ghala, Mzee Lukas, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amewapanga wabebaji magunia timu mbili ili wasikae wakicheza bao wakati malori hayajafika. Alijifunzia kikapu shule ya misheni. Mistari ya kiwanja aliipaka mwenyewe kwa chokaa kila Jumamosi. Ringi zilitengenezwa na mchomelea vyuma wa mtaani, na moja ilikuwa chini kuliko mwenzake kwa kiasi cha vidole viwili. Sisi tulijua ni ipi. Wageni hawakujua, na Mzee Lukas alihakikisha kipindi cha pili tunashambulia upande huo. Nadhani makombe yetu mawili ya mwanzo tuliyapata kwa vidole vile viwili.

Siku moja mchezaji alianguka vibaya, nikamkanda kama bibi alivyokuwa akikanda. Akapata nafuu. Mzee Lukas akaniambia, "Shaibu, magunia waachie wengine. Kuanzia leo wewe ni wa miguu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na nilianza kwa kuharibu. Kifundo kikitenguka sasa hivi, bado kinajaa, hakitaki maji ya moto wala kukandwa. Mimi nilikichemshia maji, nikakipaka mafuta, nikakisugua kwa bidii zangu zote. Asubuhi yake mguu wa yule bwana hauingii hata kwenye ndara. Safari nyingine nilipata plasta za michezo, za kwanza kuzishika maishani, nikazibandika juu ya ngozi niliyoipaka mafuta ya nazi. Katikati ya mchezo zikamvuka mchezaji mguuni zote kwa pamoja, kama nyoka anayevua gamba. Mwamuzi akasimamisha mpira, akaziokota kwa vidole viwili, akaniletea kwenye benchi. Watazamaji wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mmoja hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mnene, gauni la maua, amekaa peke yake. Wakati wa mapumziko akanijia.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Bibi yangu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bibi yako kakufundisha kukanda, kafanya vizuri. Kufunga hakukufundisha. Njoo nyumbani kesho, nyumba ile yenye mlango wa kijani."

Huyo ndiye Sista Apolonia. Alikuwa muuguzi aliyestaafu, miaka yake mingi kaimalizia wodi ya mifupa. Kwa mwaka mzima nilikwenda kwake kila nilipotoka kazini, nikajifunza kwenye miguu yake mwenyewe, iliyokuwa mizito na yenye mishipa. Nikikosea ananipiga kwa upande wa mkasi, na mwaka ulipokwisha akaniachia mkasi ule ule.

Aliyonifundisha nawapa, ili msiseme nimezikwa nayo. Ngozi ioshwe, inyolewe, ikaushwe, ipakwe poda. Mguu usiufunge umelegea, uweke wima kama mtu aliyesimama, unyayo na muundi vifanye kona. Plasta ianzie ndani ivutwe kwenda nje, kwa sababu mguu hutengukia ndani mara nyingi kuliko nje. Usivute plasta mpaka ngozi ikunjamane. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba uwe mweupe, uachie. Rangi isiporudi upesi, fungua yote uanze tena, hata kama mwamuzi keshapuliza kipenga. Goti ni habari nyingine. Goti ukiligusa likacheza pembeni, kama mlango uliolegea bawaba, usilifunge. Hapo bandeji haitibu kitu, inaficha tu.

Maneno hayo alinirudia mara nyingi. Nilimjibu, "Nimeelewa, Sista," na kweli nilikuwa nimeelewa.

Kisha akaja Mfadhili. Jina lake sitalitaja, alikuwa mfanyabiashara, na sisemi alikuwa mtu mbaya. Alipenda kikapu kweli. Alituona tukicheza fainali moja, akaamua kwamba jiji kubwa kama Dar linataka timu ya kulipwa, wachezaji wasifanye kazi nyingine yoyote. Ndani ya msimu mmoja tukahama kutoka saruji ya ghala kwenda ukumbi wenye sakafu ya mbao inayong'aa. Tukapata basi lenye kiyoyozi, wachezaji kutoka nchi jirani, na meneja anayeitwa Gasper, kijana mwenye mashati meupe na simu mbili. Wabebaji magunia wetu wakabaki wawili, mwaka uliofuata akabaki mmoja, halafu hakubaki mtu.

Mimi nilibaki. Nilikuwa na chumba changu chini ya ngazi, mlangoni pameandikwa "Huduma ya Afya." Naikumbuka siku nilipokiona kile kibao. Nilisimama mbele yake kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Mechi ya kwanza ya ufunguzi Mzee Lukas alikuja na suti ya kahawia, ile ya harusi yake. Nilikuwa ndani nafunga miguu. Mlinzi wa mlangoni akamwambia jina lake halipo kwenye orodha ya wageni. Kijana mmoja akanijia mbio kuniambia Mzee Lukas yuko nje. Nikamjibu, "Mwambie asubiri kidogo, nimalize huyu." Nikammaliza huyo, nikamfunga na mwingine, na wa tatu. Nilipotoka, mlinzi akasema, "Yule mzee kaondoka. Kasema hana neno."

Hakurudi tena ukumbini. Baadaye walitundika ubao mkubwa wa historia ya Korongo, wenye picha na maelezo. Historia ile ilianza siku ya mkataba wa Mfadhili. Mimi nilikuwa nikipita mbele yake kila siku na ndoo yangu ya barafu, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba pana mwanzo mwingine.

Sasa nifike kwa Athumani, maana kwa yote haya nimekuwa nikimzunguka yeye.

Nilikuja likizo nyumbani, nikavuka kwenda kisiwa cha jirani, Bwejuu, kumpa pole ndugu yangu aliyefiwa. Nilimkuta kijana anatengeneza paa la jirani. Wenzake wamepanda ngazi, yeye kasimama chini kwenye mchanga anapachika makuti kwa mikono. Umri wake kama miaka kumi na tisa. Mikono mirefu, mabega ya kuvuta kasia, na hatua nyepesi ambayo watu warefu kwa kawaida hawana. Nikajiuliza maswali ya kazi yangu: vifundo vyake vikoje, magoti yake yakoje. Vilikuwa safi. Nimegusa miguu mingi, sijawahi kugusa magoti kama yale.

Mama yake, Bi Tatu, alikuwa mjane. Mume alikufa baharini, akabaki na mwana huyo mmoja. Nilikaa naye barazani nikamweleza habari za Korongo, ukumbi, mkataba. Alinisikiliza huku anapura pweza. Nilipomaliza akanawa mikono.

"Hiyo timu mimi siijui, Shaibu," akasema. "Meneja simjui, mpira wenyewe siujui. Wewe nakujua, bibi yako alimkanda mama yangu. Kwa hiyo mwanangu siipi timu. Nakupa wewe."

Nikasema, "Nimempokea, Bi Tatu."

Athumani alifika Dar hajawahi kushika mpira wa kikapu. Mwaka wa kwanza alikuwa wa kuchekesha, anadaka mpira kama mtu anayedaka nazi inayoanguka, kwa tumbo. Alikaa kwangu Temeke. Kila jioni baada ya mazoezi ya wenzake anabaki, mimi nafuta sakafu, yeye anatupa mpira. Mwaka wa pili akaanza kuingia robo ya mwisho. Mwaka wa tatu watu walikuja ukumbini kwa ajili yake, wakimwita Mlingoti. Yeye aliniita mjomba, mbele ya watu wote, hata mbele ya wale waliokuja na majina makubwa kutoka nje. Kila mwezi alimtumia mama yake barua, ananisomea kwanza ili nimwambie kama amesahau kumsalimia mtu.

Nusu fainali ya mwaka ule alikanyagwa alipotua. Alinyanyuka mwenyewe, akamaliza mchezo kwa kuchechemea. Nilipomlaza chumbani kwangu, nikalishika goti, likacheza pembeni.

Nikamwita Sista Apolonia. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa mkongojo, lakini alikuja. Alilishika goti kwa muda mrefu amefumba macho.

"Huyu asicheze," akasema. "Apelekwe hospitali apigwe picha, kisha daktari wa mifupa aamue. Akicheza hivi, kano iliyobaki itakatika."

"Hatacheza, Sista."

"Uniahidi."

"Nimeahidi."

Fainali ilikuwa baada ya siku nne. Siku ya pili Gasper aliniita ofisini. Mezani pana karatasi moja, fomu ya afya ya wachezaji, inayotaka mhudumu wa afya wa timu athibitishe kwamba kila aliyeorodheshwa ni mzima. Majina yote yalikuwa yamechapwa tayari, na la Athumani limo.

"Dokta," akasema, "Mfadhili anakuja na wageni wake. Wanakuja kumwona Mlingoti. Unaweza kumfunga?"

"Kufunga naweza. Lakini lile goti..."

"Sijauliza goti. Nimeuliza kama unaweza kumfunga." Akazungusha kalamu mezani. "Msimu ujao tunaleta mtaalamu wa tiba kutoka nje. Atataka msaidizi. Ningependa nimwambie kwamba hapa pana mtu anayejua kazi yake."

Nawaambia ukweli, vijana. Hakunitisha, hakupandisha sauti. Alinipa kalamu na nikasaini. Kilichonisukuma kilikuwa hofu ya kurudi kwenye magunia, na pia hiki kingine ambacho ni kibaya zaidi: nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Nilitaka wageni wale wamwone mtu mwenye goti bovu akiruka, kisha waulize ni nani aliyemfunga.

Siku ya fainali Athumani alikaa kwenye meza yangu, mguu umenyooka. Nilimnyoa, nikamkausha, nikampaka poda. Akanitazama ninavyopanga plasta.

"Mjomba," akasema, "nicheze?"

"Nitakufunga vizuri," nikamwambia.

Hakuniuliza kama nitamfunga vizuri. Aliniuliza kama acheze. Alikuwa tayari kukubali lolote nitakalosema, nililiona usoni mwake. Kama ningesema shuka mezani uvae nguo zako, angeshuka. Mimi nikainama nikaanza kuvuta plasta.

Ile ndiyo bandeji nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga. Robo tatu nzima haikusogea hata uzi. Aliruka, akazuia, akafunga, wageni wa Mfadhili wakasimama wanapiga makofi. Robo ya nne, zimebaki dakika chache, alipanda kuchukua mpira uliogonga ringi. Aliupata. Aliposhuka, mguu ulitangulia kutua, kiwiliwili kikaenda upande mwingine. Nilikuwa benchi, mbali kiasi cha kutoka hapa hadi barabarani, na nilisikia.

Tulimbeba mimi na mwenzake mmoja hadi koridoni, nikamweka barafu. Hakulia. Alikuwa ameshika shati langu tu. Ndani wakaendelea, na tukashinda. Tukashinda kwa pointi tatu. Wakaja kuniita, "Dokta, picha ya kombe, njoo." Nikamwambia Athumani narudi sasa hivi. Nikaenda, nikasimama mstari wa nyuma, nikapigwa picha nikicheka. Hiyo picha ilitundikwa kwenye ubao wao wa historia, na ndiyo pekee niliyomo.

Walisema atapelekwa kufanyiwa upasuaji. Ikawa wiki hii, wiki ijayo, Mfadhili akirudi safari. Mkataba wa Athumani ukaisha. Nilipomfuata Gasper alifungua faili akanionyesha karatasi.

"Fomu inasema aliingia uwanjani mzima," akasema. "Kwa mujibu wa fomu hana madai ya ugonjwa wa zamani, na la siku ile linasubiri uamuzi wa wakubwa. Saini ni yako, Dokta. Unataka niwaambie ulisaini uongo?"

Nikasema sitaki. Nilikuwa na nafasi ya pili, ikapita kama ya kwanza.

Sista Apolonia alisikia habari redioni. Nilikwenda kwake nikagonga ule mlango wa kijani, akafungua nusu. Hakunigombeza. Akasema, "Mkasi wangu unao wewe. Niletee." Nikamletea kesho yake. Akaupokea, akafunga mlango. Alipofariki nilienda mazishini nikakaa nyuma.

Athumani alikaa kwangu miezi minane, anajifunza kutembea. Mguu ulinyooka lakini haukukunjika tena sawasawa. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu siku ile. Siku ya kuondoka nilimsindikiza botini. Akasema, "Ahsante kwa kunitunza, mjomba." Sijui kama alisema kwa adabu au kwa kuniumiza. Nimelifikiri sana hilo.

Na mimi niliendelea na kazi. Najua mnasubiri niseme kwamba niliacha. Sikuacha. Nilimsaidia yule mtaalamu kutoka nje, akaja mwingine, nikawa nachemsha taulo. Kisha biashara za Mfadhili zikayumba, akachoka na kikapu. Jina la Korongo likauzwa, timu ikahamishiwa mji mwingine, wakambadilisha rangi yule ndege, msimu mmoja baadaye ikafa kabisa. Ukumbi ukawa wa harusi. Jezi zilizobaki stoo zilitolewa kwa marobota zikasambaa masokoni. Wengi wananiambia inasikitisha timu kubwa vile kufa. Mimi silii. Timu ilikufa siku Mzee Lukas aliposimama nje na suti yake, nasi wa ndani tukaendelea kufungana plasta.

Nilirudi Miburani nikashika shamba la baba. Nilikaa miaka miwili kabla ya kwenda Bwejuu. Mashua zinakwenda kila siku, na kila siku nilikuwa na sababu: mihogo, mgongo, mvua. Mwishowe nikapanda.

Nilimkuta Bi Tatu barazani kwake. Amekonda, macho yameanza ukungu. Nikampigia hodi.

"Shikamoo, Bi Tatu. Mimi Shaibu."

"Marahaba. Shaibu wa Miburani?" Akanyanyuka, akanishika mikono yote miwili. "Karibu, karibu. Siku zote nasema, Shaibu atakuja tu. Kaa. Mwenzako yuko pwani anashona nyavu, ndiyo kazi anayoiweza."

Aliniletea maji. Nikamwambia nimekuja na neno. Nikamwambia lote, tangu goti kucheza mkononi mwangu, ahadi kwa Sista, ile fomu, mpaka swali la Athumani na jibu nililompa. Sikumtazama.

"Athumani hakuniambia hivyo," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia wewe ulimkataza. Aliniambia, mjomba kanizuia, mimi nikakaidi nikacheza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka kumi na moja, Shaibu. Miaka kumi na moja namsema mwanangu kwa ukaidi wake. Akishindwa kunyanyua kitu namwambia, hayo ndiyo malipo ya kutosikia wakubwa. Mbele ya mkewe namwambia. Mbele ya wanawe."

Nyuma yangu nikasikia hatua, moja nzito, moja ya kuburuta. Athumani alikuwa amesimama penye kona ya nyumba na sindano ya kushonea nyavu mkononi. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa amenenepa kidogo, ndevu zimeingia mvi. Bado alilazimika kuinama kuingia chini ya paa la baraza.

"Umemwambia ya nini, mjomba?" akauliza. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa sipati raha, Athumani."

"Na mimi nilifanya mama asipate tabu. Alikuwa na mtu mmoja huko nje anayemwamini. Nilimwachia huyo."

Bi Tatu alinyanyuka kwa kushika nguzo. Akamwendea mwanawe, akaweka mkono kwenye goti lile, juu ya kikoi, kisha akamshika kichwa alichokuwa amekiinamisha.

"Nisamehe, baba," akamwambia.

"Hukujua, mama."

"Nisamehe hivyo hivyo."

Mimi nilikuwa nimekaa na bilauri ya maji mkononi. Hakuna aliyenifukuza. Bi Tatu aliingia ndani, na hakutoka tena. Baada ya muda Athumani akasema mashua inaondoka, maji yanakupwa. Akanisindikiza mpaka ufukweni, polepole, mimi nikipunguza hatua ili nisimwache, yeye akijaribu kuzirefusha ili asinicheleweshe. Watoto wake wawili walitufuata kwa mbali, wote warefu.

Aliingia majini hadi magotini akaishika mashua ili nipande. Akanipa mkono nikapanda. Nikamwambia, "Athumani, nitakuja tena, Inshallah, tuzungumze vizuri."

Akatikisa kichwa.

"Usije, mjomba," akasema. "Salamu tuma."

Nahodha akasukuma mashua. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya sala, namfuata nahodha wa Bwejuu pale Kilindoni nampa salamu. Akirudi namuuliza, ananiambia zimefika. Za kurudi hajawahi kuniletea.